Uzoefu wangu na du: nilijifunza kuitumia, kisha nikalazimika kuieleza

Nimeitumia du, amri ya Unix na Linux inayoonyesha faili na folda zimekalia nafasi kiasi gani kwenye diski, miaka mingi, karibu kila siku ya kazi, na muda wote huo niliamini naijua. Kisha nikapewa jukumu la kuwaandikia wenzangu maelezo ya swichi zake (herufi au maneno unayoongeza baada ya amri ili kubadili inavyofanya kazi) kwa Kiswahili, kurasa mbili tu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilichojua ni kuandika du -sh na kusoma namba inayotoka. Namba hiyo inapima nini hasa, sikuwahi kujiuliza.

Nianze na sifa, maana inazistahili. Programu hii ilikuwepo tangu toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971, na hadi leo naikuta kwenye kila seva ya Linux ninayoingia bila kusakinisha chochote. Diski ikijaa usiku wa manane, amri yangu ya kwanza ni hii:

du -xh -d 1 / | sort -h

Swichi ya -d 1 inaizuia isinimwagie kila folda ndogo iliyo ndani, -h inaandika K, M na G badala ya tarakimu ndefu, na sort -h inapanga ili folda nzito kuliko zote ikae chini kabisa, pale macho yanapotua. Lakini ninayoisisitiza kwa wenzangu ni -x. Hiyo inaibakiza du ndani ya mfumo mmoja wa faili. Usipoiweka, du itaingia hadi kwenye diski za mtandao zilizounganishwa na seva, itachelewa huko, kisha itakurudishia jumla isiyohusiana na diski unayoishughulikia.

Nilikwama kwenye --apparent-size. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata "ukubwa unaoonekana", na msomaji ameshapotea, kwa sababu kwake yeye ukubwa wowote unaoandikwa kwenye terminali unaonekana. Nilifuta sentensi ile mara nne au tano. Mwishowe niliachana na jina nikaeleza jambo lenyewe: kuna urefu wa yaliyomo kwenye faili, na kuna nafasi ambayo faili imeikalia kwenye diski. Kwa kawaida du hupima nafasi. Swichi hii huifanya ipime urefu. Kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) yenye bloku, yaani vipande vya diski vinavyogawiwa faili, za baiti 4096, faili ya baiti 1 tu hukalia bloku nzima. Kinyume chake, truncate -s 10G jaribio inatengeneza faili yenye urefu wa gigabaiti 10 ambayo du itakuonyesha 0, kwa kuwa bado haijapewa bloku hata moja. Tangu nilipoweka mifano hiyo miwili, hakuna aliyerudi kuniuliza kuhusu swichi hii.

Ukurasa wa man (mwongozo unaosomwa kwenye terminali) wa du ni sahihi, ila umeandikwa kwa mtu anayejua tayari anachotafuta. Swichi zimepangwa kwa alfabeti, nyingi zina mstari mmoja, na iliyo muhimu inakaa sambamba na ambayo hutaigusa maisha yako yote. Mimi ufupi huo uliniumiza. Nilikuwa na nakala rudufu za kila siku zilizotengenezwa kwa rsync, programu ya kunakili faili, na swichi yake ya --link-dest, mpango ambao faili isiyobadilika hainakiliwi upya, bali data ileile inapewa jina jingine kwenye folda ya leo. Nikaandika du -sh jana leo. Jana ikaja na gigabaiti 38, leo megabaiti 210. Nikaamini nakala ya leo imekatikia njiani, nikaifuta na kuanzisha nyingine, nikakesha nikiisubiri.

Haikuwa imekatika. Faili yenye majina mawili du huihesabu mara moja tu, kwenye folda inayoifikia kwanza. Ningetanguliza leo kabla ya jana, leo ndiyo ingebeba mzigo wote na jana ingeonekana tupu. Swichi ya -l huagiza kila jina lihesabiwe, lakini maelezo yake kwenye man ni maneno machache kuhusu viungo vigumu, yaani majina mengi ya data ileile, na usiku ule nisingeyaelewa hata kama ningeyasoma.

Ukihama mashine, angalia vipimo. du ya GNU, ile inayokuja na Linux nyingi, huhesabu kwa vipande vya baiti 1024. Ile ya macOS na FreeBSD kwa 512, kwa hiyo folda ileile inaweza kukupa namba mara mbili. Kwenye skripti naweka -k kila mara, ili kote ihesabu kwa 1024. Pia df, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki kwenye diski nzima, ikisema diski imejaa huku du haioni kitu, huenda kuna faili iliyofutwa wakati programu fulani bado imeishikilia. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha.

Anayetaka kutembea ndani ya folda kwa vitufe vya mishale atumie ncdu, programu nyingine ya kupima nafasi, na aiwashe kwa -r ili asifute kitu kwa bahati mbaya. Mimi bado nabaki na du, kwa sababu naiamini na matokeo yake naweza kuyapitisha kwenye amri nyingine.

Kwenye karatasi yetu, -l sasa ina mistari sita. Minne kati yake ni ule mfano wa jana na leo.