Panya katika Bustani ya Mboga: Vifaa vya Kununua, Kuanzia Kilicho Bora hadi Kisichofaa

Wahenga walisema hasira hasara, na katika manunuzi ya vifaa vya kuzuia panya methali hiyo hutimia mara nyingi. Mtu hukuta karoti zimeliwa kutoka chini zikabaki majani matupu, au njegere alizopanda jana zimefukuliwa moja moja hadi mstari wote ukaisha; hukimbilia dukani siku hiyohiyo na kurudi na pakiti ya sumu, ilhali kitu alichokihitaji kilikuwa wavu wa waya. Nimepanga vifaa hapa kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza hadi vile ambavyo singevinunua kabisa, na nimevipima kwa kigezo kimoja: kifaa kinailinda mboga kwa muda gani bila kumdhuru atakayeila, mtoto anayecheza karibu nayo, wala mnyama asiyehusika.

Kabla ya kulipia chochote, hakikisha mharibifu ni panya kweli. Konokono huacha utepe wa ute unaong'aa, na kiwavi mkata-miche huukata mche usawa wa ardhi na kuulaza palepale bila kuubeba. Panya huacha alama mbilimbili za meno, vinjia vilivyokanyagwa kwenye nyasi, na kinyesi. Kinyesi cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6, kama punje ya mchele, na cha panya mkubwa hufikia milimita 12 hadi 18. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa mtego utakaouchagua, kwa hiyo usione haya kupiga magoti na kupima kwa rula.

Nafasi ya kwanza: wavu wa waya wenye matundu madogo

Panya mdogo wa nyumbani hupenya kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, yaani unene unaokaribia ule wa penseli. Panya mkubwa huhitaji nafasi kubwa kidogo, lakini watoto wake hupita mahali ambapo mtu angeapa kwamba hapapitiki. Kwa hiyo namba ya kwanza ya kusoma kwenye lebo ya wavu ni ukubwa wa tundu, nayo isizidi milimita 6. Waya wa kuku, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi, kwa kawaida una matundu ya milimita 25. Unamzuia kuku, na hapo kazi yake inaishia. Nililijua hili kwa kupoteza mavuno: nilizungushia tuta la viazisukari waya wa kuku kwa uangalifu mkubwa, nikafunga kila pembe, na wiki chache baadaye nilipong'oa kiazi cha kwanza nilishika ganda tu, ndani kumechimbwa kama kibuyu. Waya ulikuwa mzima, haujaguswa popote.

Namba ya pili ni unene wa waya wenyewe. Kwa matundu ya milimita 6, tafuta waya wenye unene wa milimita 0.6 au zaidi, kwa kuwa mwembamba kuliko huo hupinda kwa vidole na huliwa na kutu mapema. Jambo la tatu ni zinki, na hapa ndipo bidhaa mbili zinazofanana machoni zinapotofautiana sana. Wavu uliochovywa katika zinki iliyoyeyushwa baada ya kuunganishwa hudumu kuliko ule uliotengenezwa kwa waya uliokwisha kupakwa zinki, kwa sababu maungio yake, mahali ambapo kutu huanzia, nayo yamefunikwa. Muulize muuzaji swali hilo bila kusita. Wavu wa chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi lakini bei yake huwa juu sana, na kwa tuta la kawaida sioni kwamba unahitajika. Wavu wa plastiki au nailoni usiununue kwa kazi hii hata ukiuzwa kwa nusu ya bei: meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna ndiko kunakoyapunguza.

Namna ya kuutumia ndiyo inayoamua kiasi cha kununua. Kwa tuta lililoinuliwa, tandika wavu chini kabla ya kujaza udongo na uupandishe pembeni sentimita 15 kila upande. Tuta la mita 1.2 kwa 2.4 litahitaji eneo la mita 1.5 kwa 2.7, yaani vipande viwili vya upana wa sentimita 90 vinavyopandana sentimita 30 katikati. Mizizi myembamba hupita kwenye matundu bila shida na maji hupita pia, ila karoti na viazi vinahitaji udongo wa kina cha kutosha juu ya wavu ili visikwame. Kwa bustani iliyo chini moja kwa moja, zika wavu sentimita 30 kwa kina, kisha ukunje ukingo wake wa chini uelekee nje kama herufi L, kwa sababu panya anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi, na akigonga waya hafikirii kurudi nyuma ili aanze upya mbali zaidi.

Hata hivyo, uzio wa wavu pekee una udhaifu ambao wauzaji wengi hawautaji: panya wa nyumbani hupanda waya kama ngazi. Panya wa nyasi wenye mkia mfupi hawana ustadi huo, na kwao uzio wa sentimita 30 juu ya ardhi hutosha. Kwa wale wapandaji, ama funika tuta lote kwa fremu yenye wavu juu, ama pigilia mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 30 upande wa nje wa uzio, juu, ili kucha zikose pa kushika. Nunua pia glavu nene na mkasi wa kukatia bati, kwa kuwa kingo za wavu uliokatwa huchana ngozi vibaya.

Nafasi ya pili: mitego ya kubana

Wavu huzuia wanaotaka kuingia, lakini hauwaondoi waliokwisha kuzaliana ndani. Panya wa nyumbani hubeba mimba siku 19 hadi 21, na mtoto wake huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki sita hivi. Kwa hiyo atakayenunua mtego mmoja na kunasa panya mmoja kwa wiki hatazipita kasi za uzazi huo. Nunua mitego sita hadi kumi na miwili kwa pamoja na uitege usiku mmoja. Ndiyo maana naupendelea mtego wa kawaida wa springi: unaweza kununua mingi.

Katika kuchagua, bonyeza springi kwa mkono. Mtego mzuri hukataa kidogo, kisha hufyatuka kwa nguvu moja. Kibao cha chambo kiwe kipana, na kifyatuke kwa mguso mwepesi. Ya mbao ni rahisi na hufanya kazi vizuri sana, ila mvua huivimbisha. Ya plastiki ngumu huoshwa na huvumilia unyevu wa bustani. Usitumie mtego wa panya mdogo kwa panya mkubwa, kwani utamjeruhi tu akaondoka na maumivu, jambo ambalo ni ukatili na halina faida kwako.

Chambo kiwe kidogo kama punje ya njegere, siagi ya karanga ikiwa ndiyo inayofaa zaidi kwa sababu haiwezi kunyakuliwa na kukimbiwa nayo. Weka mtego ukiwa umekabili ukuta au ubao wa tuta, sehemu ya chambo ikiwa upande wa ukuta, kwa kuwa panya hupenda kutembea huku sharubu zao zikigusa kitu. Panya mkubwa huogopa kila kitu kigeni kwenye njia yake. Mwachie mtego wenye chambo bila kuutega kwa siku kadhaa, ale kwa amani, ndipo uutege. Panya mdogo ni mdadisi na hahitaji subira hiyo. Kila mtego wa bustanini uwe ndani ya kasha au bomba lenye mlango mdogo, la sivyo utaua ndege wanaokula wadudu wa mboga zako. Vaa glavu unapoondoa mzoga, kwani mkojo wa panya hubeba ugonjwa wa leptospirosisi, na kwa sababu hiyohiyo osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi.

Nafasi ya tatu: mitego ya kunasa akiwa hai

Huu ni ununuzi wa mtu mwenye muda. Mtego wa kasha la waya hudumu miaka mingi na haumdhuru ndege aliyeingia kwa bahati mbaya, lakini lazima ukaguliwe asubuhi na jioni, maana mnyama aliyefungiwa bila maji hufa polepole. Swali la kujiuliza kabla ya kulipa ni hili: utampeleka wapi? Panya aliyeachiwa mita chache kutoka hapo hurudi, na aliyepelekwa mbali mahali asipopajua mara nyingi huishia kufa. Tena katika baadhi ya nchi kuhamisha wanyama pori hivyo kunahitaji kibali. Anayechukia kuua kwa dhati atapata amani zaidi akiitumia fedha hiyo kuongeza wavu.

Nafasi ya nne: bundi na paka

Sanduku la kutagia la bundi wa ghalani ni kitu kizuri kwa eneo kubwa lililo wazi, kwa kuwa jozi yenye makinda huwinda panya wengi mno kwa msimu mmoja. Kwa bustani ndogo ya nyuma ya nyumba, bundi atawinda anakotaka. Paka naye humwinda panya mdogo, lakini panya mkubwa aliyekomaa humtisha. Watafiti waliochunguza kundi la panya mjini New York na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 waliona paka wakiua panya wawili tu katika siku 79. Isitoshe, kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, na udongo laini wa tuta la mboga ndio anaoupenda kwa haja yake.

Nafasi ya tano: sumu

Nimeiweka chini makusudi. Sumu nyingi zinazouzwa huzuia damu kuganda, na panya hufa siku kadhaa baada ya kula. Katika siku hizo hutembea akiwa mzito na dhaifu, akawa mawindo rahisi ya bundi, mwewe, paka au mbwa, nao wakala sumu pamoja naye. Warfarini, ya kwanza katika jamii hii, iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940, na kufikia 1958 panya wasiodhurika nayo walikuwa wamekwisha kuonekana Scotland. Ndipo zikatengenezwa kali zaidi, kama brodifakumu na bromadioloni, ambazo hukaa mwilini mwa mnyama kwa muda mrefu. Ukilazimika kabisa, nunua vipande vigumu badala ya punje, viwe ndani ya kasha linalofungwa kwa ufunguo, nje ya matuta, na uhifadhi lebo: daktari atahitaji jina la sumu, kwa kuwa vitamini K1 hutibu aina hii tu. Fosfidi ya zinki, sumu ya aina nyingine, haina dawa ya kuitengua, na singeileta kabisa mahali panapolimwa chakula.

Visivyofaa kununuliwa

Mashine za mawimbi ya sauti zinaahidi kufukuza panya kwa sauti isiyosikika na binadamu. Mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa mashine hizo kuhusu ahadi zisizo na ushahidi wa kisayansi. Sauti hizo hazipenyi hata ubao, na panya huzizoea. Mafuta ya mnanaa na pilipili huoshwa na mvua ya kwanza. Naftalini ni sumu kwa binadamu na haifai kuwekwa kwenye udongo wa mboga.

Mbaya kuliko vyote ni gundi ya panya. Hainasi panya peke yake. Hunasa mijusi, vyura na ndege wadogo, na wote hufa kwa saa nyingi za hofu. Tangu Julai 2024, England imepiga marufuku umma kuitumia kunasa panya. Kama tayari iko bustanini kwako, iondoe leo. Ukikuta mjusi amenaswa, usimvute. Mmiminie mafuta ya kula kidogo kidogo hadi gundi ilegee. Ndege usimpake mafuta, kwa sababu huharibu manyoya yake: funika gundi iliyobaki wazi kwa karatasi na umpeleke kwa daktari wa mifugo.