Asali ipi ununue ukiwa Nakuru: tulizoonja na jinsi ninavyozipanga

Anayeishi Nakuru amezungukwa na asali. Kaskazini barabara inateremka hadi Marigat na Baringo, nchi ya joto na migunga. Magharibi unapanda Njoro na Elburgon hadi msitu wa Mau, penye baridi, juu ya mita 2,500. Ukiendelea hadi Kisumu na kuipita, unafika Kakamega, penye asali ya nyuki wadogo wasiouma. Hizi ni asali tatu zisizofanana hata kidogo, lakini sokoni zote huitwa "asali safi", na mnunuzi huachwa achague kwa rangi na bei. Hilo linaniuma, kwa sababu rangi na bei ndizo njia mbili mbovu kuliko zote za kuchagua asali.

Sisi ni marafiki wachache tunaopenda asali. Kila mmoja huja na chupa yake, tunaonja bila kujua ni ya nani, halafu tunabishana hadi jioni. Mpangilio ulio hapa umetoka kwenye mabishano hayo, ila uamuzi wa mwisho ni wangu.

Tunavyoonja ni hivi, na hata wewe peke yako jikoni unaweza kufanya vivyo hivyo. Chupa hufungwa kwa gazeti na kupewa nambari na mtu asiyeonja. Tunaanza na asali nyepesi na kumalizia na nyeusi, maana asali nzito ya moshi ikitangulia hufunika zote zinazofuata. Katikati tunakunywa maji ya uvuguvugu na kumega ugali mtupu. Ugali hauna chumvi wala sukari, husafisha ulimi kuliko mkate. Chukua nusu kijiko cha chai, iache iyeyuke juu ya ulimi, kisha funga mdomo na utoe pumzi kwa pua. Hapo ndipo maua hujitokeza. Tunaandika mambo matatu: harufu ya mwanzo, utamu unavyokaa mdomoni, na kinachobaki kooni baada ya kumeza. Hilo la tatu ndilo linalofichua mengi. Asali ina asidi, pH yake kwa wastani ni karibu 3.9, kwa hiyo chini ya utamu kuna uchachu mdogo. Sukari iliyochemshwa na maji haina uchachu huo. Ina utamu tu, halafu kimya.

Ya kwanza: asali ya Baringo iliyochujwa na kikundi cha wafugaji nyuki

Mtu akiniuliza leo anunue ipi ya nyumbani, ya chai na ya watoto wakubwa, namwambia hii. Sehemu za chini za Baringo zina migunga ya kila aina, kikwata kikiwemo, na mvua ikigusa ardhi maua hufurika. Kuna pia mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1980 na ambao sasa umevamia malisho na kuwatesa wenye mbuzi. Nyuki nao huyafuata maua yake. Asali ya huko huwa ya rangi ya dhahabu hadi kahawia nyepesi, ina harufu ya maua makavu, na utamu wake haukatizwi na uchungu.

Nasisitiza "kikundi" kwa sababu ya namna inavyorinwa. Katika mzinga wa gogo, masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, na masega ya asali hukaa ndani ya tundu moja. Mrinaji huja usiku na mwenge, anakata kinachofikiwa na mkono, na ndoo hupokea asali, nta, chavua, majana na moshi mwingi kwa pamoja. Hodari hutenganisha palepale. Asiye hodari hukuuzia vyote. Mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine, una wavu unaomzuia malkia asipande kutaga kwenye sanduku la asali, na fremu zake huzungushwa kwenye mashine ya kukamulia bila kuvunja masega. Katikati ya hiyo miwili kuna mzinga wa pau za juu, uliotengenezwa hapahapa Kenya miaka ya 1970, wa bei nafuu na rahisi kukagua. Kikundi chenye mizinga ya aina hizi mbili, vichujio na ndoo zenye bomba kinaweza kukupa asali yenye ladha ya maua badala ya ladha ya moto.

Zaidi ya hapo, kikundi kizuri kina refraktomita, kifaa kidogo cha kupima maji yaliyomo ndani ya asali. Uliza bila haya: "Mama, hii ina maji asilimia ngapi?" Kiwango cha kimataifa kinataka yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira iliyomo huamka na asali huchachuka, inatoa povu na harufu ya pombe. Muuzaji aliyeipima atakutajia nambari bila kufikiri. Asiyeijua si mwongo, lakini basi omba kuonja kwanza.

Kasoro niliyoikuta kwa baadhi yao ni kupasha asali moto ili ichujike haraka. Ikipikwa, harufu hutoroka na hubaki ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Kwenye meza yetu asali za namna hiyo hutambulika mapema.

Ya pili: asali ya Mau

Kwa ladha peke yake, hii ingekaa juu ya zote. Waogiek, wenyeji wa msitu huo, wametundika mizinga ya magogo ya mwerezi juu ya miti ya Mau tangu zamani, wakifuata maua yanavyohama kutoka mabondeni hadi milimani. Mti mmoja wa huko, Dombeya goetzenii, ndio unaotoa ile asali yao nyeupe ambayo mgeni akiiona hudhani amepewa sukari. Inapakwa kama siagi. Harufu yake ni ya msitu wenye unyevu, utamu wake ni wa taratibu, na kooni huacha ubaridi unaodumu. Kila ikija mezani, mabishano hunyamaza kwa muda.

Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu haipatikani kila mara, na kwa sababu jina lake linatumiwa vibaya. Asali yoyote nyeusi ikiwekwa kibandiko cha "Mau" huuzwa ghali. Muulize muuzaji imetoka upande gani: Mariashoni? Nessuit? Maua ya msimu gani? Anayewajua warinaji atakueleza hadi uchoke. Na usikatae nyeupe iliyoganda. Hiyo ndiyo unayoitafuta.

Ninaponunua asali hii najua ninamlipa nani. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika ardhi ya mababu zao Mau, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Mtu akizuiwa kuingia msituni, mizinga yake hubaki bila mlinzi. Kwa hiyo mwaka ambao asali nyeupe haionekani Nakuru, mvua huenda si sababu pekee.

Ya tatu: asali ya nyuki wadogo, Kakamega

Nyuki hawa hawana mwiba unaochoma. Hawajengi masega ya asali. Huihifadhi katika vijichungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Wanakijiji wanaouzunguka msitu wa Kakamega huwafuga kwenye visanduku vidogo, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimewasaidia sana kuifanya kazi hiyo. Kila kundi hutoa asali kidogo, ndiyo maana chupa ndogo inagharimu kuliko kubwa ya Baringo.

Ni nyepesi, inamiminika, na ni chachu, ina harufu ya utomvu na matunda. Anayeinunua akitarajia asali ya kawaida atadhani imetiwa maji na ndimu. Haikutiwa kitu. Kwa maumbile yake ina maji mengi kuliko ile ya nyuki wakubwa, kwa hiyo kipimo cha asilimia 20 hakiihusu, na inafaa ikae kwenye friji. Wauzaji wengi huinadi kama dawa ya kila ugonjwa. Mimi nainunua kwa ladha yake: kijiko kimoja juu ya maziwa lala, na hutahitaji kingine.

Ya nne: masega yenyewe

Mwenye hofu ya kuchakachuliwa anunue sega zima. Kughushi sega lililofunikwa na nyuki wenyewe ni kazi ngumu sana. Angalia kifuniko cha nta: vyumba viwe vimezibwa, maana nyuki huziba asali ikishaiva. Vilivyo wazi ni vya asali changa yenye maji. Lishike juu ya mwanga uhakikishe hakuna majana. Sega hukaa chini ya zile tatu kwa sababu unalipia na nta, na nyumbani si kila mtu anapenda kutafuna.

Ya tano: ya supamaketi

Si mbaya, na haina miujiza. Soma kibandiko nyuma: imetoka wapi, nani ameifungasha, tarehe gani. Kikiandikwa ni mchanganyiko wa nchi kadhaa, basi hakuna maua utakayoyatambua ndani yake. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina nambari chini yake. Tuma ujumbe wenye SM# na nambari hiyo kwenda 20023 upate jina la mwenye kibali na bidhaa yake. Kama jibu linataja bidhaa nyingine, iache rafuni.

Ya mwisho: chupa za kando ya barabara

Naiweka chini ingawa nimewahi kuonja hapo asali nzuri mno. Tatizo ni kwamba huwezi kuirudia: leo kijana huyu, wiki ijayo mwingine, na chupa yenyewe jana ilikuwa ya soda au ya pombe kali. Wapo wanaochemsha sukari guru na kuchanganya na asali kidogo ili harufu ibaki. Ukinunua, onja kwanza. Na ukisikia koo linakereketa na kuwaka, rudisha. Asali iliyokusanywa kwenye maua ya euforbia, ile miti ya utomvu mweupe iliyojaa mashariki mwa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, huunguza mdomo na koo, na kunywa maji huzidisha. Ni asali halisi, lakini hutaimaliza.

Sasa kuhusu vile vipimo vya mtaani: kiberiti kilichochovywa kikiwaka, tone lisilotawanyika kwenye maji, sisimizi wanaoikwepa. Visahau. Kiberiti na tone hupima uzito wa majimaji tu, na sukari iliyopikwa ikawa nzito hupita vyote viwili. Sisimizi huila asali halisi bila wasiwasi.

Kipimo kimoja cha jikoni ninachokiamini ni mizani. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina karibu kilo 1.4. Chupa ya mililita 500 ikijaa inapaswa kuwa na gramu 700 na kitu, bila uzito wa chupa. Ikija 640, umeuziwa maji. Mizani haitagundua sukari iliyopikwa vizuri, hiyo ni kazi ya ulimi na maabara, lakini maji hayawezi kujificha. Hesabu hiyohiyo ikulinde kwenye bei: kuna anayeuza kwa kilo na anayeuza kwa lita, na kilo moja ni takriban mililita 700 tu. Mara nyingi "lita" inayoonekana ghali ndiyo nafuu.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata ya kupaka ulimini, hata iwe bora namna gani. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo lake bado haliwezi kuzizuia. Bibi akisisitiza, mweleze kwa heshima na uweke chupa juu kabatini.

Na ikiganda usiitupe wala kumlaumu aliyekuuzia. Ni glukosi inayojitenga na kufanya punje. Ukitaka iwe majimaji tena, weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuvumilia, chini ya nyuzi 40, ukoroge polepole. Ile nyeupe ya Mau iache ilivyo, ipake kwenye chapati moto.