Chukudu ya saizi ya kati: uzoefu wangu kwa anayetaka ya kazi bila kumaliza mfuko

Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo. Ninayoizungumzia ina urefu wa karibu mita 2, na nimeitumia kushusha makala (makaa ya kupikia) na viazi kutoka Kibumba hadi mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Kwa mtu aliyekwisha kuzoea ile ndogo ya kubebea bidoni (madumu) za maji, ndiyo ninayomshauri achukue. Kubwa zaidi inavutia, lakini mteremko wa Kibumba ni wa kwenda tu. Kurudi ni kupanda, na hata ikiwa tupu utaisukuma mbao yote hiyo kwa mikono. Ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa mjini mwaka 2009 ni kubwa kuliko zote, ila hiyo haipandi Munigi, njiani kurudi Kibumba.

Pesa yako iende kwenye magurudumu, mengine yatafuata. Mafundi hutumia mumba na mkalitusi, na mti wenyewe si shida. Shida ni mti mbichi. Gurudumu lililochongwa likiwa na unyevu hukauka likiwa tayari barabarani, linapasuka kuanzia tundu la katikati kuelekea ukingoni. Litazame pande zote mbili kabla ya kulipa. Ufa mwembamba kama unywele fundi atakuambia ni mstari wa mti: pitisha ukucha, ukinasa, kataa. Halafu inua upande wa mbele, zungusha gurudumu, weka kidole karibu na ukingo bila kuligusa. Nafasi ikipanuka na kubana kila mzunguko, gurudumu si duara, na litakupiga magoti safari nzima.

Ukingoni hupigiliwa kipande cha tairi kuukuu la gari. Kwenye mitaa ilikopita lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, mawe hukwaruza mpira mpaka vichwa vya misumari vinachomoza, na msumari mmoja ukitoka, kipande chote hufunguka. Vichwa viwe vimezama ndani ya mpira, na maungio yakatwe kwa mshazari. Yakikatwa wima, yatagonga kila yanapogusa ardhi.

Rulma, yaani beringi za magurudumu, ni pale wengi wanapobana pesa. Fundi anaweza kukuuzia kwa bei ndogo chukudu ambayo ekseli yake inazunguka moja kwa moja ndani ya mbao. Inakwenda vizuri siku za mwanzo, kisha chuma kinakula mti, tundu linapanuka, gurudumu linaanza kuyumba. Afadhali rulma za gari zilizotumika, mradi zinazunguka bila mchanga kulia ndani. Zipake grisi, na uipanguse grisi ya zamani kwanza, maana vumbi la lava likichanganyika nayo linasaga chuma.

Kwenye shingo ya mbele, shika gidoni (usukani), banisha gurudumu kati ya magoti, jaribu kupinda. Ikicheza kabla hujabeba kitu, ikiwa na magunia itakushinda kwenye kona. Resori (springi) ya mbele ni nzuri kwa mikono yako, ila isiwe laini kiasi cha pua kuinama ukiegemea.

Kufunga mzigo: gunia zito chini kabisa, jepesi juu, kaza kwa kamba za mipira ya ndani, na baada ya mwendo mfupi simama ukaze tena kwa sababu makala hushuka. Acha nafasi ya goti nyuma na njia ya mguu kufikia freni (breki).

Hiyo freni ndiyo kasoro ninayoilalamikia. Ni kipande cha mpira unachokikanyaga kibane gurudumu la nyuma. Kwenye ukavu inashika. Mvua ikinyesha inateleza tu. Ikanyage kidogo kidogo tangu juu ya mteremko, kabla mwendo haujakolea, na lami ikiwa imelowa shuka ukaishikilie kwa mikono. Mpira huo unaisha upesi, kwa hiyo mwombe fundi vipande viwili vya akiba mkiwa bado mnapatana bei, ukishalipa atakuuzia.