Pikipiki ya majini, mwani, na maneno ya kijana wa ufukweni

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Tulikuwa Unguja, pwani ya mashariki, kipindi kile kusi imeshika na mwani unaletwa ufukweni marundo kwa marundo. Nikakodi pikipiki ya majini kwa nusu saa, nikaacha dhamana ya elfu hamsini. Kijana aliyekuwa zamu akanivalisha jaketi okozi, akanifunga mkononi ile kamba ya kuzimia mashine ukianguka, akanionyesha pa kuvuta mafuta. Basi. Hata dakika haikuisha.

Mashine yenyewe nitaisema kwa haki. Dakika kumi za mwanzo zilinipa raha ambayo sikuwahi kuipata majini, na mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, nimekulia kwenye mitumbwi na boti. Haina rafadha, yale mapanga ya kusukumia boti, inayoning'inia nje. Chini ya tumbo kuna mdomo unaonyonya maji, ndani impela, mapanga yanayozunguka kama feni, inayasukumia nyuma kwenye nozeli, bomba jembamba la kutokea, yanachomoka kwa kasi na chombo kinaruka mbele. Ni nguvu ileile inayomsukuma nyuma mtu wa zimamoto mpira wa maji ukifunguliwa wote. William Hamilton wa New Zealand aliihangaikia jeti hii miaka ya 1950 kwa sababu mito ya kwao ina maji ya magotini, rafadha ingesagika kwenye mawe. Mwaka 1960 boti zake zikaupandisha mto Colorado kule Marekani, zikapita Grand Canyon yote zikienda kinyume na mkondo. Ukiwa juu yake, maji yakikupiga usoni, hushangai hata kidogo.

Kisha ikanyonya mwani.

Mlio ukapanda, mwendo ukafa. Mashine inalia kwa nguvu zote lakini haisukumi. Mbele yangu kulikuwa na ngalawa imetia nanga, mzee ameinamia mshipi wake. Nikafanya ambacho mtu yeyote wa boti angefanya: nikaachia mafuta, nikakata kulia. Haikugeuka. Mikono ya usukani ilizunguka bure kama haijaunganishwa na kitu, maana kinachogeuza chombo hiki ni ile nozeli tu, na maji yasipotoka kwa nguvu hakuna cha kukigeuza. Zipo za kisasa zinazosaidia kukata kona hata ukiachia mafuta. Ile ilikuwa kongwe. Nililikosa tengo la ngalawa, ule ubao wa ubavuni unaoizuia kupinduka, kwa urefu wa mkono.

Mzee hakunifokea. Nilimwamkia, akaitika, akasema, "Zima, mwanangu. Usiwashe tena mpaka tuitoe hiyo takataka." Akanikokota kwa pondo hadi kwenye maji ya kiunoni, akaingiza mkono chini na kuchomoa mwani kwenye vyuma vya mdomoni, fungu baada ya fungu. Kwetu magugumaji yakikamata rafadha unainua mashine, unakata kwa kisu, unaendelea na safari. Hii unainua nini? Mdomo uko chini ya tumbo.

Na yule kijana? Hakuuliza kama nimeumia. Alitazama ule mwani, akasema, "Nyie watu wa bara maji hamyajui. Dhamana hairudi." Akarudi kwenye simu yake.

Elfu hamsini naweza kuisamehe. Hayo maneno siwezi. Mwani aliuona asubuhi nzima ukielea mbele yake. Angeniambia sentensi moja tu, kwamba ukitaka kukata kona usiachie mafuta, leo ningekuwa namsifia kwa kila ninayekutana naye.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema mashine ni nzuri, huduma mbovu. Naiondoa hiyo kauli. Mtu akishikwa na hofu kitu cha kwanza anachofanya ni kuachia mafuta, na hapo ndipo chombo hiki kinapoacha kumsikia. Hakifai kukabidhiwa mgeni kwa maelezo ya dakika moja, hata kiwe kitamu namna gani. Na ni kitamu, siwezi kulikana hilo. Nikimpata mwenye mashine atakayekaa nami robo saa kabla ya kuniachia, nitapanda tena.

Lakini si pale. Zamu iliyofuata ilikuwa ya binti yangu, na alikuwa ameshavaa jaketi.