Nililipa elfu 50 ili mtu anikosoe picha za mbwa wangu

Picha niliyoipenda kuliko zote ndiyo aliyoikataa kwanza. Mbwa wangu Makaa kakaa kwenye nyasi kando ya Nile, nyuma yake mto, ng'ambo mji wa Njeru, juu mawingu kama pamba. Mwalimu niliyemlipa akaandika: "Hii ni picha ya mto. Mbwa kapita tu."

Nilinuna siku mbili.

Naishi Jinja, Uganda. Makaa ni mbwa mweusi tititi, mama yake wa kienyeji, baba hatumjui ila masikio yanasema kulikuwa na German Shepherd mahali. Kamera yangu ni Canon EOS 2000D ya mtumba, na lenzi yake ile ile ya milimita 18-55. Mwaka mzima nimekuwa nikitupia picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na majibu hayabadiliki: mioyo, vidole gumba, na mjomba anayeuliza kila mara huyo mbwa analishwa nini hata aking'aa hivyo. Posho (ugali) na mukene (dagaa), mjomba, hakuna siri. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia picha fulani ni mbaya, nami nilijua nyingine ni mbaya, sikujua tu kwa nini.

Ndipo nikaelekezwa kwa huyo mwalimu, mpigapicha mmoja wa Kampala anayekagua picha za watu kwa malipo. Unatuma picha 10 na shilingi 50,000 kwa simu, anakurudishia maoni ya maandishi na ya sauti, kisha unaruhusiwa kutuma nyingine 5 ukisharekebisha. Simtaji jina kwa sababu nina ya kumlalamikia pia. La kwanza hili hapa: aliahidi siku mbili, zikawa sita, na nilipomkumbusha akajibu, "Samahani dada yangu, tulikuwa na harusi." Harusi gani ya siku nne?

Maoni yenyewe yalipofika, nikasamehe nusu.

Kilichonifungua macho zaidi ni suala la weusi wake. Miaka yote nilidhani kamera yangu imechoka, maana Makaa hutoka rangi ya kijivu na mbingu nyuma yake inaungua kuwa nyeupe kabisa. Kumbe kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukichanganya, ni kijivu cha wastani. Mbwa mweusi akijaa kwenye fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na Makaa anageuka majivu. Dawa ni kitufe chenye alama ya +/-: unashusha hatua moja. Nilijaribu uani, mbwa yule yule, ukuta ule ule, picha tatu. Kwenye sifuri alikuwa majivu, kwenye -1 alikuwa mbwa wangu, kwenye -2 alikuwa shimo. Halafu mwalimu akaongeza jambo ambalo peke yangu nisingelifikiria: mbwa akiwa mdogo kwenye picha na mbingu ndiyo imejaa, mambo yanageuka, kamera inapunguza mwanga na manyoya yanapotea yote. Hapo unaongeza. Jirani yangu mwenye mbwa mweupe nilimwambia asome haya kinyumenyume.

La pili ni macho. Mwalimu alichora duara jekundu kichwani mwa Makaa na kuandika "Macho yako wapi?" Alifanya hivyo kwenye picha nane kati ya 10. Mwanzoni nilicheka, mara ya tano sikucheka tena. Nyingi nilizipiga Jumapili kati ya saa sita na saa tisa mchana, nikitoka kanisani, na Jinja ipo hatua chache tu kaskazini ya Ikweta. Saa hizo jua liko utosini, kivuli kinaanguka chini ya tumbo la mbwa, na macho yanabaki matundu mawili. Akanishauri nimpeleke ukingoni mwa kivuli cha mwembe, uso wake uelekee kweupe, ili mbingu ijionyeshe kwenye macho. Kile kinukta cheupe kwenye jicho ndicho kinachomfanya aonekane yu hai. Ila usiingie ndani sana ya kivuli, majani yanamwaga ukijani juu ya kila kitu. Kwenye manyoya meusi hauonekani, kwenye ulimi unaonekana, ulimi unakuwa kama wa mgonjwa.

Hapo hapo ndipo tulipogombana kidogo. Aliandika kwamba mwanga mzuri ni "saa nzima kabla ya jua kuzama". Kwa nani? Hapa kwetu jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa, halizunguki pembeni kama la Ulaya. Nilikaa mtoni na simu mkononi nikipima: kuanzia mwanga ulipogeuka rangi ya asali, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, hadi jua kutumbukia nyuma ya Njeru, sikupata hata dakika 25. Nilimtumia sauti nikamwambia somo hilo limeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Akacheka, akakubali, akasema basi nifike saa kumi na moja, nichague mahali, nimchoshe mbwa kwanza, kisha nisubiri. Huo ndio ushauri wa mtu anayeishi Uganda. Kwa nini hakuanza nao?

Sauti iliyoniuma ni fupi kuliko zote. "Dada, ulikuwa umesimama?" Nilikuwa nimesimama. "Picha zote 10 kazipiga mtu anayemtupia mbwa chakula." Basi nikalala kifudifudi barabarani Nile Crescent, viwiko kwenye murram, yaani changarawe, lenzi usawa wa kifua cha Makaa. Watoto wakajaa. Bodaboda mmoja akasimama akauliza kama nimeanguka. Lakini angalia kilichotokea: mto ukashuka ukawa mstari wa mwanga nyuma yake, nguzo ya umeme iliyokuwa imemwota kichwani ikahama, kichwa chake kikasimama peke yake mbele ya mbingu. Karoli mmoja, yule korongo mkubwa wa jalalani, alipita nyuma akaharibu picha tatu, hilo silaumu mtu.

Kuhusu mbwa anayekimbia alinipa mistari miwili tu, na yatosha: shata (muda ambao kamera inafungua jicho lake) iwe 1/1000 ya sekunde badala ya 1/125 niliyokuwa nikitumia, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) ipande kadiri inavyohitajika, na kati ya pointi 9 za fokasi nitumie ile ya katikati, niilenge kwenye jicho kwa sababu manyoya meusi hayaipi kamera pa kushika.

Nisilolikubali hata sasa ni mawili. Alinishauri ninunue lenzi ya kuvuta vilivyo mbali, ya milimita 70-200, inayoingiza mwanga mwingi (f/2.8), ambayo kwa bei yake mpya nanunua ng'ombe na ndama juu. Nilimjibu nitapiga hatua mbele. Pia alitaka nimfungue Makaa kamba, eti inachafua picha. Hapana. Watu wanaogopa mbwa, na wana haki, kichaa cha mbwa kinaua. Makaa kachanjwa, lakini mtoto anayekutana naye njiani hasomi kadi ya chanjo. Nilinunua kamba nyembamba ndefu, dada yangu akaishika kutoka pembeni, na iliyobaki kwenye picha nikaifuta kwa simu.

Zile 5 za pili alizijibu baada ya siku tatu. Moja akaikataa kabisa, masikio yamekatwa. Tatu akasema "sawa", neno ambalo kwake ni sifa. Ya mwisho ilipigwa jua likiwa nyuma ya Makaa, mstari wa dhahabu umemzunguka mgongo mzima hadi ncha ya mkia, ulimi nje, macho kwa dada yangu aliyeshika mukene juu. Hiyo hakuandika kitu. Aliniuliza tu kama naweza kuichapisha kubwa, nami nimeichapisha, iko sebuleni, na mama ameshauliza mara mbili kwa nini haionyeshi mto.

Nitamtumia nyingine 10 mvua zikikatika. Safari hii nalipa elfu 25 kwanza, na elfu 25 maoni yakifika.