X-Ray Spex au Penetration?

Albamu mbili za panki (punk, roki ya kasi na kelele) za bendi za Uingereza, zote za 1978, zote mwimbaji ni mwanamke. Germfree Adolescents ya X-Ray Spex ndiyo hutajwa sana. Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali, anapayuka na saksafoni inamjibu. Niliicheza dukani kwa rafiki yangu Kisenyi, hapa Kampala. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akauliza nani wanagombana.

Moving Targets ya Penetration imesahaulika, na sioni kwa nini. Pauline Murray ana hasira zilezile, ila anaziimba: gitaa zinabeba melodia, na "Free Money", wimbo wa Mmarekani Patti Smith, wameupa mbio mpya. Baadhi ya santuri za mwanzo za albamu hii zilikuwa zinang'aa gizani. Kwa asubuhi za foleni, naweka Penetration.