Belafonte na Makeba kwenye santuri ya RCA: ipi ni ya 1965 kweli?

Wengi huku kwetu wanaoitafuta santuri hii wanataka "Malaika", iliyo upande wa pili. Kampuni ya santuri ya RCA Victor waliitoa Marekani mwaka 1965 kwa jina An Evening with Belafonte/Makeba, na mwaka uliofuata ikapata Grammy ya rekodi bora ya muziki wa asili. Jina linaahidi kuliko kilichomo: Harry Belafonte na Miriam Makeba wameimba pamoja nyimbo mbili tu, "Malaika" ikiwa mojawapo. Hata hivyo ni santuri ya kununua. Tabu ni wauzaji: albamu ni ya 1965, basi kila nakala wanaiita orijino.

Anza na lebo ya katikati. Nakala ya mwanzo ina lebo nyeusi, na juu yake yule mbwa anayesikiliza gramafoni (ndiye yule yule wa santuri za zamani za kampuni ya HMV). Namba ikiwa LPM-3420 ni mono (sauti ya njia moja), LSP-3420 ni stereo (sauti ya njia mbili). Soma namba ya lebo, usitosheke na ya jalada, maana santuri na majalada hubadilishana nyumba. Mono ya kipindi hicho kwa kawaida huandikwa MONAURAL chini ya lebo. Mwishoni mwa 1968 RCA walihamia lebo ya rangi ya chungwa isiyo na mbwa. Ukiona chungwa, hiyo si ya 1965, hata jalada liwe la zamani kiasi gani. Angalizo: mbwa alirudishwa kwenye lebo nyeusi mwaka 1976, safari hii pembeni upande wa kulia. Wengi wananaswa hapo.

Kisha iinamishe santuri chini ya tochi, mwanga uje kwa ubavu, usome namba na herufi zilizo kwenye ukingo laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Kwa RCA herufi ya kwanza ya namba hiyo ni mwaka: R ni 1964, S ni 1965, T ni 1966. Herufi ya nne ni M kwa mono au S kwa stereo. Mwishoni kuna kitu kama 1S au 3S, yaani mkato wa ngapi wa bamba mama, lile ambalo nakala zote huzalishwa kutokana nalo. Namba ndogo ni ya mapema zaidi. Herufi iliyogongwa peke yake ni kiwanda: I ni Indianapolis, R ni Rockaway, H ni Hollywood. Lakini mwaka huo ni wa bamba, si wa siku santuri ilipotoka kiwandani. Toleo la baadaye likichapwa kwa bamba lile lile litabeba herufi ile ile, kwa hiyo lebo na ukingo visomwe pamoja.

Uzito nao unasema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 RCA walitengeneza santuri nyembamba walizoziita Dynaflex, karibu gramu 100, zinazopinda mkononi kama karatasi ngumu. Zinacheza, ila hatuoni sababu ya kuzilipia bei ya nakala ya lebo ya mbwa.

Ukinunua kwa mbali, dai picha za lebo zote mbili, ukingo wa pande zote mbili na mgongo wa jalada. Uliza pia ilikuwa ikichezwa kwa mashine gani. Sindano nzito ya zamani ya mono haiwezi kupanda na kushuka, na mfereji wa stereo una mawimbi ya wima, kwa hiyo huukwangua. Matokeo yake ni mikwaruzo ya sauti hasa Makeba anapopandisha, na hakuna usafi utakaoiondoa. Ukungu wa pwani ni jambo jingine: huoshwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mfereji bila kulowesha lebo. Spiriti usiipeleke kamwe kwenye zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, itaziyeyusha.

Kati ya mono chafu na stereo safi, zote za lebo ya mbwa, chukua iliyo safi.